Malori Hamsini: Miezi Mitatu ya Baridi Kando ya Reli

Swali nililoulizwa zaidi mwaka huu ni hili: wewe kijana, unatafuta nini Athi River saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai, baridi yote hii, ukiwa na kamera shingoni? Wengine huuliza kwa utani. Wengine huona ni dalili kwamba mambo yamenienda mrama tangu niache chuo. Mathe yeye hakuuliza. Aliniwekea tu sweta ya pili kwenye kiti kilicho kando ya mlango.

Jibu fupi ni kwamba napenda treni. Jibu refu linamhusu baba, na nimelikwepa kwa muda, kwa hivyo leo wacha niliseme.

Kwanza niwaeleze kazi yenyewe. Sisi tunaishi Mlolongo. Wazee wa hapa husema jina lilitokana na mlolongo wa malori yaliyokuwa yakingoja zamu kwenye mizani ya Mombasa Road, na ukiishi hapa hutahitaji ushahidi mwingine. Barabara iko hapo. Na si mbali na barabara kuna reli mbili. Kuna ile ya zamani, ya upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi 1899. Halafu kuna SGR, pana zaidi, milimita 1,435, inayobeba abiria tangu 2017 na mizigo tangu Januari 2018. Mwanzoni mwa Juni nilijiwekea sharti: nitapiga picha treni za reli zote mbili, za abiria na za mizigo, kipupwe chote, mpaka Agosti iishe.

Mbona kipupwe? Kwa sababu wengi hupiga picha za treni Desemba, jua likiwaka, familia zikienda Mombasa. Nilitaka kuona reli wakati hakuna anayeitazama. Najua ndugu zetu walio Ulaya watacheka nikisema baridi. Hatuna theluji. Lakini nyuzi 11 au 12 alfajiri, na upepo wa uwanda wa Athi ambao haujakutana na ukuta wowote njiani, si mchezo. Wiki ya kwanza vidole viliganda hata nikashindwa kubonyeza.

Mambo niliyojifunza, kwa wale wanaotaka kujaribu. Betri huisha haraka kwenye baridi, kwa hivyo ile ya akiba naiweka mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukitoka nje penye baridi ukaingia moja kwa moja kwenye kibanda cha chai chenye moto na mvuke, lenzi itajaa ukungu na utakaa robo saa ukiifuta bure. Ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla hujaingia, uiache ipate joto polepole. Na ile mbingu ya kijivu ambayo wapiga picha huichukia, mimi nimeipenda. Jua la saa sita hukata picha vipande viwili, mwanga mkali huku na giza kule. Mbingu ya Julai humpa kila mtu sawa. Rangi za makontena hutokea zenyewe, nyekundu, bluu, kijani, na taa ya mbele ya treni unaiona ikija ukiwa bado na muda wa kumaliza chai.

Jambo lingine ni la usalama na silifanyii mzaha. Kuingia kwenye njia ya reli bila ruhusa ni kosa, na SGR ina uzio. Mimi husimama nje ya uzio, kando ya barabara ya umma, au juu ya daraja la magari. Treni ya abiria ya SGR inaweza kufika kilomita 120 kwa saa. Piga hesabu: hiyo ni mita 33 kila sekunde. Ukipepesa macho imeshapita nyumba kadhaa. Ya mizigo ni ya polepole kidogo, kilomita 80 hivi, lakini uzito wake haukubali kusimama ghafla kwa sababu yako na simu yako. Hakuna picha ya kufia.

Pia nimefukuzwa. Kuna kituo kimoja, sitakitaja, ambapo mlinzi alinisimamisha na kunitaka nifute picha zote za asubuhi hiyo. Nilikuwa nje, lakini sikubishana. Nilifuta picha arobaini huku natetemeka, na haikuwa baridi. Tangu siku hiyo nasalimia kwanza, najitambulisha, naeleza ninachofanya. Wengi hunielewa. Mmoja hata aliniambia nirudi jioni kwa sababu mwanga ni bora. Mwenyewe alikuwa amesimama hapo miaka mitatu akiangalia treni hizo hizo, angekosaje kujua?

Sasa, tofauti ya treni za abiria na za mizigo.

Treni ya abiria ni rahisi kuipata. Ina ratiba. Ile inayosimama vituo vya njiani hutoka Nairobi saa mbili asubuhi, ya haraka hutoka saa tisa mchana, ya usiku saa nne. Unafika, unapanga kamera, unangoja dakika zako, inakuja. Watu wako madirishani, watoto wanakupungia mkono. Picha inajipiga nusu.

Ya mizigo haimtangazii mtu. Hakuna ratiba inayobandikwa mahali mimi na wewe tunaweza kuisoma. Unakaa. Unakaa tena. Kuna siku nilingoja tangu saa kumi na mbili mpaka saa nne na nusu nikaona ng'ombe, mbuzi, boda za kwenda machimboni na mvua ya manyunyu, treni hata moja. Nilipoinama kufunga begi, ikapita. Nilipiga mkia wake.

Kuna mchungaji mmoja ambaye hulisha mbuzi upande huo. Ndiye aliyenifundisha kusikiliza. Aliniambia mizigo huja kwa sauti ya chini kwanza, kama ngurumo ya mbali isiyoisha, na mbuzi huinua vichwa kabla yako. Tangu hapo, nikiona mbuzi wamenyanyua masikio, nawasha kamera.

Siku moja katikati ya Julai niliamua kupanda Limuru kufuata reli ya zamani. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai ukungu hushuka mpaka unakaa juu ya majani ya chai. Nilikuwa kando ya barabara ya vumbi, mtu wa hatua thelathini mbele simuoni. Nikasikia honi. Halafu kimya. Halafu honi tena, karibu zaidi. Kisha katikati ya ule weupe kukatokea taa moja ya manjano, kama mtu anakuja na kurunzi, na nyuma yake kichwa cha treni kikajitokeza kidogo kidogo, kikivuta mabehewa ambayo hayakuonekana mwisho. Ilikuwa inapanda taratibu, hata nikapata muda wa kuiogopa.

Mbele ya hapo reli huanza kushuka Bonde la Ufa. Walipoijenga, mahali hapo palikuwa pagumu hata kwa muda fulani wakawa wanashusha mabehewa kwa kamba za chuma kwenye mteremko, njia ya kudumu ikiendelea kuchongwa. Mwaka 1901 reli ikafika Kisumu. Nilisimama kwenye ule ukungu nikiwaza watu walioshika zile kamba asubuhi kama hii. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 walifariki.

Picha hiyo ya Limuru ndiyo bora niliyopiga msimu wote. Niliiweka mtandaoni usiku huo huo. Kesho yake niliweka nyingine, ya treni ya abiria ya SGR ikipita uwandani na watoto madirishani. Manze, ya abiria ilikwenda. Watu wakawatumia wapenzi wao, "twende lini?" Ile ya mizigo ilikaa pale kama sufuria ya ugali uliopoa. Watu wachache, na mmoja aliandika, "Hii ni makontena tu."

Makontena tu. Nilimsomea baba maneno hayo tukila chakula cha jioni, kama utani. Hakucheka. Aliomba simu, akaiangalia ile picha kwa muda. Halafu akapekua nyuma, akafika picha za mizigo za SGR nilizopiga Juni. Akanirudishia simu akasema, "Mbona unakata mwisho?"

"Kukata mwisho aje?"

"Unapiga kichwa cha treni na mabehewa matano, basi. Huonyeshi ni mangapi."

Hapo ndipo nilipolazimika kukumbuka nilichokuwa nimekataa kukiwaza tangu Juni.

Baba yangu aliendesha trela la kontena miaka kumi na saba. Mombasa hadi Nairobi, wakati mwingine mpaka Malaba, mara chache mpaka Kampala. Sisi tulijua njia yake kwa zawadi. Akileta mabuyu na achari, alilala Mombasa. Akileta machungwa, alisimama Kibwezi au Makindu. Nilijua majina ya Mtito Andei na Sultan Hamud kabla sijajua majina ya kaunti.

Mwaka 2019 likaja agizo kwamba mizigo inayoingia bandarini ikielekea Nairobi na kwingine bara isafirishwe kwa SGR. Watu wa Mombasa waliandamana, agizo likasitishwa, likabishaniwa, na Septemba 2022 serikali mpya ikarudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Lakini maisha ya mtu hayangoji mpaka mabishano yaishe. Mwenye malori aliyemwajiri baba aliona safari zimepungua, mkopo wa benki haujapungua, na mwanzoni mwa 2020 akauza malori matatu. La baba lilikuwa mojawapo. Kisha korona ikaja na kufunga hata ile milango midogo.

Sasa baba anaendesha Canter, kusambaza simiti kutoka Athi River kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ni kazi ya heshima, lakini haikutosha karo. Niliingia chuo 2021, nikatoka mwaka wa pili. Sisemi haya mnionee huruma. Nayasema kwa sababu mtu ambaye baba yake alipoteza mizigo kwa treni, akaacha chuo, akanunua kamera ya mtumba, kisha akatumia baridi nzima kupiga picha treni hiyo hiyo ikiwa imebeba mizigo hiyo hiyo, anahitaji kujieleza. Na sikuwa nimejieleza, hata kwangu mwenyewe. Nilikuwa nakata mwisho.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na moja asubuhi, nilimkuta baba amekaa sebuleni amevaa lile koti lake la zamani la safari, kofia ya sufu imeshuka mpaka nyusi. "Twende," akasema. Sikumwita. Alijiita mwenyewe.

Tulifika daraja la magari kukiwa bado kuna giza. Treni ya abiria ya saa mbili ilipita, nikaipiga, yeye akaitazama bila neno. Tukaendelea kungoja. Alikuwa amebeba chai kwenye thamosi, kama alivyokuwa akibeba safarini, na alinimiminia kwenye kifuniko bila kumwaga hata tone. Saa tatu na kitu nikasikia ile ngurumo.

Ilikuwa ndefu. Baba alianza kuhesabu kwa sauti ya chini, midomo tu ikichezacheza. Mimi nilisahau kamera nikawa namsikiliza. Behewa la mwisho lilipopita chini yetu, akasema, "Hamsini."

Nikanyamaza.

"Kila moja limebeba mawili ya futi ishirini au moja la arobaini," akasema. "Huo ni mzigo wa lori moja. Kwa hivyo hayo ni malori hamsini. Madereva hamsini. Matanboi hamsini. Mama wa chakula wa Salama, wa Mtito, wa Mariakani. Fundi wa magurudumu. Piga picha hiyo."

"Imeshapita, baba."

"Itakuja nyingine."

Nikamuuliza nilichokuwa nimeogopa kumuuliza kwa miaka mitano, kama anaichukia hii treni. Alifikiri. Akasema kuichukia treni ni sawa na kuichukia mvua. Halafu akaongeza kitu ambacho sikukitarajia. Akasema alipoanza kazi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, reli ya zamani ilikuwa imechoka, injini zikiharibika njiani, mizigo ikikaa bandarini wiki nzima. "Sisi wa malori tulishukuru. Walioshinda stesheni wakibeba na kupakua, hao nao walikwenda wapi? Hatukuuliza."

Nimeliwaza jambo hilo sana. Kabla ya 1901, mizigo ya kutoka pwani kwenda bara ilibebwa na wapagazi, vichwani na mabegani, kwa miezi. Reli ikaja, kazi ya upagazi kwenye njia hiyo ikafa. Lori likaja, reli ikadhoofika. Reli mpya ikaja, lori likauzwa. Kila zamu kuna mtu aliyeshusha mzigo akabaki kando ya njia akitazama mwingine akipita nao. Ukienda makumbusho ya reli pale Nairobi utaona injini za mvuke za aina ya Garratt, zile kubwa zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilijengwa Uingereza miaka ya 1955 na 1956, na katika siku zake ndizo zilizokuwa na nguvu kuliko zote za reli ya upana ule. Leo watoto wanapanda juu yake kupiga picha za kuhitimu. Mimi mwenyewe nimepiga hapo.

Na lazima niwe mkweli kwa upande mwingine pia. Jioni ile mathe alisikia hadithi ya malori hamsini, akaweka kijiko chini. Akasema, "Mimi miaka kumi na saba simu ikilia usiku nilikuwa naipokea nikiwa nimesimama." Hakuongeza neno. Tunaoishi kando ya Mombasa Road tunajua alichomaanisha. Tangu baba aache safari ndefu, mathe analala. Hiyo nayo ni hesabu, na haimo kwenye mabehewa.

Kwa hivyo nikiona watu wakibishana mtandaoni kama SGR ni baraka ama laana, huwa nanyamaza. Mjadala wa deni na faida ni halali, uendelee. Lakini ukinilazimisha niseme upande mmoja, nitakuwa nadanganya mmoja wa watu wawili waliokaa mezani kwetu usiku ule.

Mwisho wa Julai nilianza kupiga tofauti. Niliacha kufuata kichwa cha treni. Nilitafuta mahali ambapo unaweza kuona treni yote, kutoka mbele mpaka behewa la mwisho, na ikiwezekana barabara pia iwe ndani ya picha. Si rahisi. Ukienda mbali vya kutosha kuiona yote, inakuwa uzi tu uwandani. Nilijaribu asubuhi kumi na moja. Ya kumi na moja, Agosti tayari, ukungu ulikuwa umeinuka kiasi cha mtu mmoja kutoka ardhini. Treni ya mizigo ikaingia kutoka kushoto, makontena yote yakionekana, rangi moja moja, kama shanga. Mbele yake, chini ya picha, foleni ya malori ilikuwa imesimama barabarani. Unaweza kuhesabu vyote viwili. Niliita picha hiyo "Hamsini."

Na hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike leo.

Wiki mbili baadaye mtu wa kampuni fulani ya matangazo alinitumia ujumbe. Walitaka kuinunua. Elfu thelathini na tano. Kwenye akaunti yangu wakati huo kulikuwa na mia nane. Nikauliza itatumika wapi. Akasema kwenye tangazo la mteja wao, lenye ujumbe kwamba usafiri wa kisasa unaondoa malori barabarani. Alisema foleni ya malori pale chini ndiyo iliyowavutia, inaonyesha "tatizo."

Nilikaa na ujumbe huo siku mbili. Tatizo. Nilijiona nikiuza baba yangu kwa elfu thelathini na tano, tena kwa picha aliyonifundisha yeye kuipiga. Nikaandika jibu la kukataa, refu, lenye hasira nzuri, lile ambalo mkiliona mngenipigia makofi. Sikulituma. Nikaona ni haki nimuulize mwenyewe kwanza.

Nilimkuta akipanguza kioo cha Canter. Nikamsomea ujumbe wote, pamoja na neno lile. Aliendelea kupanguza.

"Uza," akasema.

"Baba, wanasema malori ni tatizo."

"Nimesikia. Mimi nilibeba mizigo ya watu miaka kumi na saba. Sikuwahi kufungua kontena kuuliza ni ya nani na wataitumia kufanya nini. Nilifikisha, nikalipwa, nikalisha watu. Picha ni mzigo wako. Fikisha." Akakunja kitambaa. "Lakini yako ya mtandaoni usiiondoe. Na uandike chini yake ni malori mangapi."

Niliuza. Najua kuna watakaosema nilikosea, na sina uhakika kwamba hawana haki. Nililipa nyumba miezi miwili na nikanunua lenzi ndefu ya mtumba ambayo nilikuwa naitamani tangu Juni. Jibu langu la hasira bado liko kwenye simu. Siku nyingine nalisoma na nakubaliana nalo kabisa. Siku nyingine nakumbuka kwamba heshima ambayo nilitaka kumlindia baba haikuwa imeombwa, na kwamba yeye, aliyekuwa na sababu ya kukataa, ndiye aliyeniambia nifikishe.

Ninachowaomba ni kitu kidogo tu. Ukipiga picha ya kitu kikubwa na kizuri kikipita, iwe treni, barabara ya juu kwa juu au jumba jipya, usikate mwisho. Subiri kipite chote. Mara nyingi hadithi ya watu iko kwenye mkia, mahali ambapo wengi wameshashusha kamera wakaanza kuondoka.

Agosti imeisha. Sweta ya pili imerudi kabatini. Nilidhani na mradi ungeisha, kwa sababu shida yangu kubwa ilibaki pale pale: ya mizigo haina ratiba, na sina tena asubuhi nyingi za kungoja bure.

Juzi, saa mbili unusu, simu ikalia. Alikuwa baba. Alikuwa ameegesha Emali, anashusha simiti.

"Kuna moja imepita hapa saa hii," akasema, "inakuja upande wenu. Isiposimama popote, itakuwa Athi River baada ya saa moja na robo, moja na nusu hivi. Ni ndefu."

"Umehesabu?"

"Nimefika thelathini na saba, lori likanikinga. Malizia wewe."